Leseni Iliyonasa Katika Lindi

Ashukuriwe Mungu aliyeichimbia mito njia zake kabla sisi hatujajua kuvua, akawapa samaki akili ya kupanda juu mvua zinapoanza, na akaniachia mimi miguu ambayo bado inafika majini. Yaliyo mema katika habari hii ni yake. Chuki iliyomo ni yetu wenyewe.

Naishi katika milima ya Ileje, juu ya Itumba, kando ya mto mdogo unaoshuka kwenda kuungana na Songwe. Maji yake ni baridi hata kiangazi. Mmisionari mmoja alimwambia baba yangu zamani kwamba samaki wetu, mbasa, wana tabia za trauti, samaki wa mito ya kwao: wanapenda maji yanayokimbia, na wanaona kivuli cha mtu kabla mtu hajawaona. Tangu niwaachie wanangu shamba la kahawa, kazi iliyonibakia ni ndoana. Samaki wawili watatu wanatosha mboga ya nyumbani, na wakizidi, kuna mama anayewachukua hadi Tunduma.

Kila asubuhi baada ya sala nafuata kijia cha mtoni, na katika kijia hicho nimeokota leseni nyingi za uvuvi. Leseni inatolewa wilayani, kwa mwaka mmoja, kwa jina la mtu. Bwana samaki akikukuta huna, anaondoka na ndoana zako. Hata hivyo watu wanaibeba kama karatasi ya kufungia sukari. Mtu anainama kumchomoa samaki kwenye ndoana, leseni inateleza kutoka mfuko wa shati, naye anaondoka akifurahia kitoweo. Mimi yangu niliitia kwenye nailoni, nikaifunga pamoja na kipande cha ndala ya buluu ili ikianguka majini ielee, nikaivaa shingoni kwa kamba.

Kila niliyoiokota niliirudisha kwa mwenyewe. Msidhani nilipokelewa kwa chai. Mvuvi ana mahali pake anapoficha, na anayemrudishia leseni amekwisha kupajua. Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa daima, "Umeiokota wapi?" Asante ilichelewa, au haikuja kabisa. Kijana mmoja aliinyakua yake mkononi mwangu akaniuliza, "Mzee, wewe unavua samaki au unavua watu?" Nikamjibu kwamba hiyo ya pili nimeagizwa. Akasonya.

Lakini aliyenichukia kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Chuki yake ilikuwa na sababu, nami sitaificha. Ukishuka mwendo mfupi tu kutoka daraja la gogo tunalovukia, mto unaingia katika lindi, maji meusi yenye kina, na mbasa wanaopanda kutaga hupumzika humo. Baba yake alivua hapo, na babu yake. Samaki walipoanza kupungua, kijiji kiliunda kamati ya mto, na mimi ndiye niliyesimama kusema lindi lifungwe tangu mvua za kwanza mpaka samaki watakapokuwa wameteremka. Sehemu nyingine zote ziachwe wazi kwa ndoana. Ikapita. Atakayevunja, leseni yake irudishwe wilayani na asivue tena mwaka huo. Siku ile shemeji aliniambia mbele ya watu, "Umemzika dada yako, sasa unamzika na baba yangu." Tangu hapo hatukula meza moja.

Hata yeye niliwahi kumrudishia leseni. Niliikuta juu ya jiwe, imekandamizwa na kokoto, nikampelekea nyumbani kwake. Alikuwa anasuka kikapu, hakuinuka.

"Umeokota au umepekua?" akauliza.

"Nimeokota, shemeji."

"Basi iweke chini. Mkononi mwako sichukui kitu."

Nikaiweka chini, nikaaga, hakuitika.

Sasa, msimu mmoja wa mvua, lindi likiwa limefungwa, nilikuwa navua upande wa juu wa daraja la gogo, mahali palipo wazi. Mbasa mkubwa alishika. Nilipoinama kumvuta, kamba ya shingoni ikanasa kwenye tawi na kukatika. Nikaona kipande changu cha buluu kikienda na maji, kikipita chini ya gogo, kikapotea. Nilikifuata kando ya mto mpaka kwenye ua wa miiba tuliouweka kuzuia watu wasiingie lindini. Sikuvuka. Nilirudi nyumbani, nikamwambia mke wangu, naye akasema, "Atakayeiokota ataileta. Na wewe mbona huwa unaleta?"

Iliokotwa, ila haikuletwa kwangu. Siku ya kupima kahawa, watu wakiwa wamejaa katika banda la kahawa, shemeji alimwendea mwenyekiti wa kamati akaitupa juu ya meza ya mizani, ndala ya buluu na nailoni yake.

"Ya mtakatifu wenu," akasema. "Nimeikuta lindini."

Akaenda zake. Hayo yalitosha. Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mashineni, watu waliokuwa wakisaga mahindi waliniimbia. Mwanamke mmoja ambaye mumewe aliwahi kunyang'anywa nyavu kwa sababu ya kamati yetu aliniita kwa sauti, "Baba mzee, umetufungia mlango ukabaki na ufunguo!" Wakacheka mpaka vumbi la unga likawapalia. Vijana wakasema mzee anavua kwa Zaburi, samaki wakisikia sauti ya sala wanakuja wenyewe. Kanisani, ambako mimi ni mmoja wa wazee, Jumapili ile mtu aliyekuwa akikaa nami benchi moja alihamia nyuma.

Nilijua kinachoweza kuondoka. Leseni ingeondoka, na pamoja nayo mto, maana katika umri wangu anayekosa mwaka hana hakika ya mwingine. Na neno langu lingeondoka. Niliomba, si kwamba adui yangu aaibike, bali kwamba nisije nikajitetea kwa uongo kwa sababu ya hasira. Hasira nilikuwa nayo tele.

Kamati ilikaa palepale kwenye banda la kahawa. Bwana samaki alikuja kutoka Itumba kwa pikipiki, akakaa juu ya gunia. Leseni yangu iliwekwa mbele yake.

"Mzee, hii ni yako?" akauliza mwenyekiti.

"Ni yangu. Iliangukia upande wa juu wa daraja la gogo, kamba ilikatika, maji yakaichukua."

"Nani alikuona?"

"Nilimweleza mke wangu siku ileile."

Kicheko kikapita bandani. Mtu akasema nyuma, "Na mbuzi akiulizwa kama kala majani, shahidi wake ni mke wake." Mwenyekiti hakumkemea. Hata yeye alikuwa amechoka na mimi, niliona. Alisema, "Mzee wetu, wewe ndiye uliyetufundisha sheria hii. Mtu akikutwa ndani, au kitu chake kikikutwa ndani, ni kosa. Ni maneno yako."

"Ni yangu," nikasema. "Naomba nimwulize shemeji swali moja."

Shemeji alikuwa ameegemea nguzo, mikono kifuani. Akasema, "Uliza, mtakatifu."

"Ulipoiokota, kamba yangu ilikuwa imefungwa au imekatika?"

Angeweza kusema imefungwa. Kamba yenyewe haikuwepo tena, na hakuna ambaye angembishia. Aliniangalia, na nawaambia, katika macho yale hakukuwa na huruma hata chembe.

"Imekatika," akasema.

Bwana samaki akainua kichwa. "Kamba ikikatika mtu anaweza kuiangusha leseni popote. Hata kule lindini. Uliikuta ukingoni?"

 Wale waliokuwa wakicheka waliacha, maana walidhani sasa ananimaliza. Mimi pia nilidhani hivyo.

"Haikuwa ukingoni," shemeji akasema. "Ilikuwa katikati. Kuna mti ulioangushwa na mafuriko, umelalia mwamba. Matete na takataka zote za juu zinanasa hapo. Ilikuwa ndani ya takataka, nailoni imejaa mchanga, hiyo ndala imebanwa na mzizi upande wa juu, upande maji yanakotokea. Haikuangukia hapo. Ililetwa na maji."

"Mbona siku ile hukusema?" mwenyekiti akauliza.

"Siku ile hamkuniuliza. Mlifurahi."

Hapo ndipo bwana samaki alipouliza swali ambalo wote tulikuwa tumelisahau, kwa kuwa wote tulikuwa tumekazia macho mtu mmoja. Aliuliza polepole, "Huo mti uko katikati ya lindi, maji yanafika kifuani. Wewe uliufikiaje?"

 Shemeji akaacha nguzo, akaja mpaka kwenye mizani, akatoa leseni yake mfukoni, akaiweka juu ya ile sahani ya chuma kama anayepima kahawa.

"Nilikuwa na mgono wangu humo," akasema. Mgono ni mtego wa kusuka, na kumbe ndio uliokuwa ukisukwa siku ile nilipomrudishia leseni nami nikadhani ni kikapu. "Nilikwenda kuutazama. Andikeni."

Kelele ikalipuka. Wengine walimwita mjinga. Ndugu yake mmoja alimshika mkono akamwambia kwa Kindali anyamaze, amekwisha kujiharibia. Akauchomoa mkono.

"Nyie mnafikiri nampenda?" akawafokea watu wote. "Huyu mzee simpendi. Siku atakayoondolewa kwenye mto huu nitachinja jogoo. Lakini nikimtoa, nitamtoa kwa kosa lake. Kwa kosa la maji, simtoi."

Akatoka bila kuniangalia. Leseni yake ilichukuliwa kwenda Itumba. Yangu nilirudishiwa, na mwenyekiti akaniomba msamaha, na wale waliocheka wakatazama magunia.

Jioni nilikwenda kwake. Nilisimama uani na kubisha hodi, akatoka mlangoni.

"Shemeji, nimekuja kushukuru."

"Usiniletee shukrani. Iombe kamati inirudishie lindi la baba yangu."

"Hilo siwezi. Samaki hawajarudi bado."

"Basi nenda."

Kesho yake nilimtuma mke wangu ampelekee mbasa wawili, kwa kuwa yeye alikuwa haruhusiwi kuvua na nyumba yake haina mwanamke tena. Asubuhi iliyofuata tuliwakuta wamening'inizwa kwenye miti ya uzio wetu, wameliwa na sisimizi. Mke wangu alilia. Mimi niliwashusha, nikawafukia kwenye shina la mgomba, nikasema ahsante Mungu kwa ndizi zitakazokuja.

Mwaka huo wote alipita mtoni mikono mitupu. Tulipopishana kwenye daraja la gogo alingoja nivuke kwanza, si kwa heshima, bali ili asikanyage gogo moja nami. Nilimwombea kila asubuhi. Sikumwomba Mungu ampe moyo wa kunipenda, kwa sababu hilo nilikuwa nalitaka kwa faida yangu. Niliomba tu alipwe kwa kweli aliyoisema.

Mwaka ulipogeuka alipata leseni mpya. Na Mungu ana mzaha wake: mimi ndiye niliyeiokota, kando ya kijia, mahali palipo wazi kabisa, imeloa umande. Niliikausha kwa shati langu, nikampelekea. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Niliinama kuiweka chini kama alivyonifundisha.

"Umeiokota wapi?" akauliza.

"Njiani, kwenye nyasi pale juu. Mbali na lindi."

"Utawaambia hivyo?"

"Wakiniuliza, nitawaambia hivyo."

Akanyoosha mkono. Nilikuwa nimeinama nusu, leseni iko vidoleni, naye akaichukua kutoka vidoleni mwangu. Kisha akageuka akaendelea na mpini wake, na nilipoaga hakuitika.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde mtoni na njiani. Akupe marafiki, maana ni wema; na kama ni lazima uwe na adui, akupe asiyeweza kusema uongo juu yako hata pale uongo ungemnufaisha. Na siku utakayoulizwa habari za mtu usiyempenda, akutie kweli kinywani mwako. Amina.