Betri Nne za Mkaidi

Kinyozi mmoja wa karibu na stendi ya zamani alikuwa na maswali mawili kwa kila mteja. La kwanza lilikuwa la kazi: "Tupunguze au tutoe zote?" La pili alilichelewesha mpaka wembe ufike shingoni, mahali ambapo hata mwenye haraka hushika adabu. "Hujawahi kuliona gari moja refu la zamani, mgongo mpana, rangi ya chai ya maziwa?"

Walishamzoea, na watani hawakukosekana. "Mchumba wako hajapatikana tu?"

"Labda kaolewa kwingine," alijibu, akiendelea kunyoa.

Gari hilo lilikuwa la baba yake, fundi wa kupaka rangi nyumba, aliyelinunua likiwa limeshakula chumvi nyingi. Nyumbani waliliita Mkaidi, kwa sababu halikuwahi kuwaka kwa ufunguo hata siku moja. Mama alipolalamika kwamba inunuliwe betri mpya, baba aliwanyooshea kidole watoto. "Betri ya nini tena? Hizi nne ulizonizalia zina kasoro gani?"

Basi kila safari ilianza hivyo. Mama alikaa mbele na kikapu chake mapajani, baba akashika usukani, na betri nne zikajipanga nyuma, viganja juu ya bati: kaka wawili katikati, dada pembe ya kulia, na yeye kitinda mimba pembe ya kushoto, akisukuma kwa kelele zaidi kuliko nguvu. Mkaidi akiwaka, baba hakuthubutu kusimama, maana likizima ndiyo basi tena. Alikwenda mwendo wa kuvizia, milango ya nyuma ikiwa wazi, na watoto wakakimbia na kujirusha ndani. Majirani walitoka nje kutazama sinema ya bure. Wa mwisho siku zote alikuwa yeye, ulimi nje, mpaka dada alipoinama mlangoni na kumnyooshea mkono. "Mkia, kimbia! Mkia, shika!" Akamvuta ndani, wakaangukiana kwa kicheko. Hakuachwa hata siku moja, na jina la Mkia likamganda.

Macho ya baba yalipopungua nguvu, Mkaidi akauzwa. Miaka ikapita na watu wake: baba, mama, kaka mmoja, kaka wa pili. Mwaka jana, wakati wa mvua, ikawa zamu ya dada. Kinyozi hakuwa na mtoto, na mkewe alikuwa ameshaondoka zamani, kwa amani, bila hata kuvunja sahani. Aliporudi kutoka mazikoni alisimama mlangoni kwake na ufunguo mkononi, akang'amua kwamba hakuna tena mtu duniani wa kumwita Mkia. Ndipo akaanza kumtafuta Mkaidi. Alijua ni utoto, lakini alitaka awe tena mmoja wa wale wanne, hata kama ni mara moja tu.

Alihangaika sana. Kuna siku alipelekwa kuona gari lililogeuzwa banda la kuku, akalikagua pembe zote huku kuku wakimtukana, kumbe silo. Hatimaye dereva mmoja wa lori, povu limemjaa kidevuni, akasema, "Hilo unalolisema mbona nimeliona? Mji wa pili, kwa fundi wa kuchomelea mageti." Kinyozi alichanganyikiwa hivi kwamba dereva ilibidi amkumbushe kuwa bado shavu moja. Alipobaki peke yake alitoa simu ampigie dada. Kidole kilifika kwenye jina kabla akili haijafika. Akairudisha mfukoni.

Jumapili alifunga kibanda, akavaa shati lake la kuendea harusi za watu, akapanda basi.

Fundi alikuwa mtu mchangamfu, mikono imejaa makovu ya cheche. Gari lililokuwa uani kwake lilikuwa la kijani, linang'aa kama la bwana harusi. Kinyozi akavunjika moyo.

"Silo. Letu lilikuwa rangi ya chai ya maziwa."

"Hiyo ipo chini ya hii," fundi akasema. "Halafu lilinitesa, mzee wangu! Hapa nyuma bati lilikuwa limebonyea vibonde vibonde, kama mtu kakanda unga. Nimetia puti, nimepiga msasa mpaka nikaota sugu. Hebu pitisha mkono. Unasikia kitu?"

Kinyozi alipitisha kiganja pembe ya kushoto, akaenda katikati, akamalizia pembe ya kulia. Bati lilikuwa laini kama kichwa alichokinyoa mwenyewe.

"Sisikii kitu," akasema. Kisha, kwa taabu, "Ndilo. Lilikuwa la nyumbani kwetu."

"Kumbe! Panda basi nikuzungushe!" Fundi akazungusha ufunguo, na Mkaidi akawaka palepale bila ubishi. Kinyozi ilimuuma kuliko alivyotarajia.

"Zima kidogo, ndugu yangu. Nataka nilisukume."

"Mzee, lina betri mpya!"

"Najua. Tia gia ya pili, kanyaga klachi. Nikikwambia achia, achia. Likiwaka usisimame."

Fundi alimtazama, akakubali shingo upande. Kinyozi alikuwa ameuacha wazi mlango wa nyuma, lakini fundi, kwa kuionea huruma rangi yake, akaufunga kabla ya kuketi.

Barabara iliteremka kidogo. Kinyozi aliweka viganja pembe ya kushoto, akasukuma. Gari likasogea, likashika mwendo. "Achia!" Likakohoa, likanguruma, likaenda. Naye akakimbia. Alikimbia pembeni, pumzi zikimwishia, mkono ameunyoosha mbele, akipiga kelele, "Nakuja! Nakuja!"

Huko chini, gari likasimama. Halikuzima. Fundi akatoa kichwa dirishani.

"Taratibu, mzee! Kwani nani anakukimbiza? Nakungoja!"

Kinyozi akasimama katikati ya barabara, mkono bado uko mbele. Akaushusha. Akatembea polepole mpaka kwenye gari, akajifungulia mlango mwenyewe.