Mche Mzima wa Sabuni

Mpaka leo, mtu akisema kwamba wapishi wa zamani waliungua kwa kutojua gesi, damu inanichemka. Mzee aliyepika kwenye nyumba niliyofanya kazi aliijua gesi kuliko wenye nyumba.

Nilikuwa yaya kwa setla mmoja, mzungu aliyelima ngano upande wa Gitting. Nilitoka kwa wafugaji wa tambarare, na kichwani nilipaka siagi kama mama alivyonizoesha. Mpishi alitoka Endasak. Jiko la gesi lilipoletwa kutoka Arusha, dereva alimwelekeza: ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni pale mpira unapoungana nao. Ukiona mapovu yanafura, gesi inavuja. Funga mtungi, fungua madirisha, zima kila moto. Mzee alielewa palepale.

Shida ilikuwa sabuni. Memsabu, mke wa setla, aliifungia stoo na kututolea vipande Jumamosi tu. Mzee alipoomba kidogo kwa ajili ya mtungi, alichekwa. "Sabuni ni ya kuogea," memsabu alisema. "Huyo dereva alikuwa anakuchezea." Madirisha nayo hayakufunguliwa, eti upepo wa mlima unaleta vumbi kwenye sahani zake.

Asubuhi moja mtungi mpya uliunganishwa, na jikoni kukaanza kunuka kitu kilichooza. Mzee akamwita memsabu. Alisimama mlangoni, akanusa, akanitazama mimi niliyembeba mtoto wake.

"Ni huyu," alisema. "Ni siagi yake."

"Hapana, memsabu. Siagi naijua. Hii ni gesi. Niruhusu nizime friji."

Friji lile lilitumia mafuta ya taa, na kamoto kake kaliwaka chini usiku na mchana. Memsabu alikataa, nyama isije ikaharibika. Akamchukua mtoto, akafungua stoo, akanipa mche mzima wa sabuni. Mche mzima! Akaniambia nisirudi mpaka nimetakata.

Nilikuwa mferejini, najisugua kwa hasira na aibu mpaka ngozi inauma, niliposikia mshindo. Gesi ilikuwa imetambaa sakafuni hadi kwenye moto wa friji, wakati mzee ameinama kufunga mtungi.

Alipona, lakini vidole vyake viligandana na hakushika kisu tena. Memsabu aliwaambia polisi kwamba mpishi hakujua gesi, nao wakaandika hivyo. Mimi hakuna aliyeniuliza, na hilo sijawasamehe.

Nilipofika mbio kutoka mferejini, mzee alikuwa amekaa kwenye majani, mikono ameinyoosha mbele isiguse kitu. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo, maana sikujua niseme nini. Alikuwa anatazama kipande cha sabuni kilichomeguka kwenye mche na kunata kiganjani mwangu, kidogo kama ukucha.

"Hicho kingetosha, mwanangu," alisema.