Katibu wa Tawi Aliyeingia Uwanjani

Habari zilinifikia Jumanne asubuhi kutoka kwa bawabu wa jengo letu hapa katikati ya jiji. Alinisimamisha mlangoni, akavua kofia, akaniambia kwamba yule mama wa orofa ya tano, karani wa mawakili, alikuwa amekata roho alfajiri nyumbani kwake Mountain View. Msomaji wangu, sitamtaja jina, maana hata wewe, kama ni mpenzi wa kandanda upande wa Kangemi, ulimjua kwa cheo chake tu: Katibu. Kwa miaka mingi alikuwa katibu wa tawi la mashabiki wa klabu yetu. Lifti ya jengo ilikufa zamani, kwa hiyo kila Jumatatu tulikutana kwenye ngazi, tukapanda pamoja tukiichambua mechi ya Jumamosi. Kila orofa alisimama, akashika reli, akaniuliza swali refu kuhusu beki wa kushoto, na ilinibidi nisimame nimjibu. Nilidhani ni mapenzi ya mpira.

Klabu yetu ilinunuliwa na kampuni ambayo wenyewe hatukuwahi kuwaona. Wengine walisema wanaishi huko kwa matajiri, Karen, wengine wakaapa ni watu wa Loresho. Sisi tuliyaona matendo yao tu. Jezi ya rangi ya damu ya mzee iligeuzwa kuwa ya kijivu. Jina la kampuni likabandikwa mbele ya jina la klabu. Uwanja wa mazoezi, ambapo tulizoea kwenda kuwatazama vijana bila kumwomba mtu ruhusa, ukazungushiwa mabati, na minong'ono ikaanza kwamba patajengwa maghorofa. Mashabiki wakagawanyika. Kundi moja likaapa kutokanyaga uwanjani mpaka kampuni iondoke, likawa linasimama langoni kila siku ya mechi na mabango yake. La pili likaendelea kuingia, kwa hoja kwamba timu isiyo na watu hufa. Tukaanza kuitana wa Nje na wa Ndani, kwanza kwa utani, baadaye bila kucheka.

Tawi la Kangemi lilikutana katika ukumbi wa kanisa, nami nilikuwepo. Kampuni ilimtuma afisa wake wa mashabiki, mwanamume mpole aliyevaa jezi mpya. Alizomewa muda wa saa nzima, na Katibu akaandika kila neno. Mwishowe afisa aliomba asomewe kumbukumbu za mkutano ili awapelekee wakubwa wake. Katibu akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ile aliyosomea hati za mahakama: matusi yote, moja baada ya jingine, kila moja na jina la aliyelitoa. Vichwa viliinama. Watu wazima walijisikia wenyewe. Ilipofika zamu ya kupiga kura ya kususia mechi au kuingia, alikataa kuinua mkono, akasema kazi ya katibu ni kuandika. Kiongozi wa wa Nje alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa mabomba, aliyeishi naye ploti moja, ukuta mmoja ukiwatenganisha. Katibu ndiye aliyempokea alipotoka kwao magharibi kuja kutafuta kazi, akamlisha mpaka akajua jiji. Nilimwona akimtazama dada yake, akiusubiri mkono ule.

Jumamosi iliyofuata Katibu alikuja langoni amevaa jezi ya zamani, tiketi mkononi. Nilikuwa nyuma yake hatua chache, nikijifanya natafuta mtu, kumbe natafuta ujasiri wa kuingia au kubaki. Mdogo wake alisimama katikati ya njia. Katibu hakupandisha sauti.

"Nilianza kuja hapa kabla hawajainunua," alimwambia, "na wakiiuza bado nitakuja. Nipishe, ndugu yangu."

Alimpisha. Lakini mtu mmoja nyuma yake alirusha chupa ya maji, ikampata Katibu begani, na mdogo wake hakugeuka kumkemea aliyeirusha. Katibu aliingia jezi ikichuruzika maji. Tangu siku hiyo hawakusemezana, karibu misimu miwili. Mmoja akimkuta mwenzake kwenye bomba la uani, alirudi ndani kusubiri amalize kuteka.

Miezi michache iliyopita, tukiwa tumesimama orofa ya tatu, aliniomba jambo moja. "Wewe unasomwa na pande zote," alisema. "Andika kitu kitufanye tuongee na huyu ndugu yangu. Mimi nimeshindwa." Nilimwahidi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Wa Nje walikuwa wakimpigia simu mhariri, wa Ndani wakiniandikia jumbe za ukali, na kampuni ilikuwa ikitangaza biashara yake katika kurasa zetu. Nikajificha nyuma ya wahenga waliosema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikachukua jembe. Wiki hiyo, mkikumbuka, niliandika kuhusu mashimo ya barabarani.

Kamati ya mazishi ilikutana sebuleni kwake, na mimi nikachaguliwa mwenyekiti. Sababu waliyotoa ni kwamba sina upande. Walikusudia kunisifu. Nani abebe jeneza? Jezi ipi ivaliwe kanisani? Shada la kampuni likija lipokewe au lirudishwe? Simu yangu ilijaa maonyo: wa Nje wangetoka wakiona kijivu, na wa Ndani walisema safari hii hawatanyamaza. Siku ya pili afisa wa kampuni alibisha hodi. Mdogo wa marehemu akainuka kumfukuza. Afisa aliweka mezani mfuko mdogo wa karatasi, akasema amerudisha dawa za mama.

"Dawa gani?" mdogo wake akauliza.

"Za presha. Alikuwa anaziacha kwa ofisi yetu uwanjani, akizidiwa siku ya mechi apate za kumeza. Nilikuwa namwekea kiti kwa kivuli. Aliniambia nisisemee mtu."

Mdogo wake alitoka nje, nikamfuata, nikamkuta ameegemea ukuta ule wa katikati.

"Tumeishi hapa pamoja," aliniambia. "Ningemuuliza tu, dada, uko aje? Angeniambia. Saa hii ndio naambiwa na mtu wa kampuni."

Nilikuwa nikizikumbuka ngazi zetu, jinsi alivyosimama kupumua kila orofa, na maswali yote yale marefu kuhusu beki wa kushoto.

Alhamisi kanisani wa Nje walikaa kushoto, wa Ndani kulia. Wakati wa kuinua jeneza, mdogo wake alitafuta kwa macho mpaka akamwona afisa amesimama karibu na mlango. "Wewe, kuja ushike hapa," alimwambia. Wawili wa Nje waliachilia mikono, wakatoka, wala hawakurudi. Waliobaki walimbeba mama yule mpaka kwenye gari la kumpeleka magharibi. Sitawadanganya kwamba tulipatana. Jumamosi hii kuna mechi, mabango yatainuliwa langoni, na mabati bado yamezunguka uwanja wa mazoezi.

Simlaumu anayesimama langoni. Uwanja uliofungwa unastahili kupiganiwa, na wenye klabu wasiotuheshimu wanastahili kuambiwa. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi tulivyozoea, kwenye kandanda na kwenye siasa, kanisani na hata mezani nyumbani, kuulizana upande kabla ya kuulizana hali. Wenye kampuni hawakuwa na wajibu wa kuijua presha ya mama yule. Wajibu huo ulikuwa wetu, tuliopanda ngazi naye na tuliochota maji bomba moja, nasi tulikuwa tumeshughulika kuhesabu nani yuko wapi. Basi pigania klabu yako kwa nguvu zako zote. Lakini kabla ya kwenda langoni, mjulie hali mtu wako wa upande ule mwingine. Akikujibu kwamba yuko salama, usiondoke upesi. Muulize tena.