Mahali au Mahari

Nilikuwa hakimu Kitale wakati huo, na kilichonikera kila Jumatatu ni jinsi kesi za mpakani zilivyosomwa mbiombio. Mtu amevuka mpaka pale Lwakhakha bila kitambulisho, anaulizwa ni kweli au si kweli, anasema ni kweli, anaamriwa arudishwe kwao.

Asubuhi moja alisimamishwa kizimbani mwanamke kijana aliyekamatwa akipalilia mahindi ya watu nje ya mji. Akakubali kosa. Nikamuuliza kama ana la kusema kabla sijatoa hukumu.

"Nilitoroka mahali," akasema.

Mwendesha mashtaka akacheka. "Mheshimiwa, si kila mtu ametoroka mahali?"

Karani wa mahakama, mtu wa pwani mwenye Kiswahili kilichonyooka, akaandika alivyosikia. Mimi nimezaliwa Lugulu, huku huku magharibi. Kwetu l na r hubadilishana viti, na mama alipotaja mahali ya dada yangu alimaanisha ng'ombe. Katiba yetu imeifanya mikataba tuliyoridhia kuwa sheria ya nchi, na mmojawapo unakataza kumrudisha mtu kwenye mateso. Lakini hakimu hatoi ushahidi, wala hamlishi mshtakiwa maneno. Nilikaa pale juu na joho langu, najua nilichosikia, siwezi kukisema, hasira zimenipanda.

Mwishowe nikauliza, "Mahali gani?"

"Ya ule mzee. Baba alishachukua ng'ombe yake. Nikirudi wananifungia kwa nyumba yake tena, ananichapa."

Nikafuta kukiri kwake, nikaandika kwamba amekana kosa, nikaamuru asirudishwe hadi kesi isikizwe. Nilifurahi, lakini kwa muda mfupi sana. Nikauliza nani atamdhamini, hakuna aliyesimama. Hakuwa na mtu upande huu wa mpaka. Sheria ile ile niliyoishikilia ikaniachia mlango mmoja tu, wa gereza la wanawake.

Nikamweleza polepole kwamba atafungiwa huko, na sijui hadi lini. Nilitarajia alie. Mimi mwenyewe nilikaribia.

"Mlango iko na kufuri?" akauliza.

"Iko nayo."

"Na ule mzee hana funguo?"

"Hana, mwanangu."

"Asante, mama," akasema, na akamtangulia askari kuelekea selo.