Kanzu ya Posa na Wiski ya Bwana Maki

Nataka niseme mapema, kabla hamjaanza kucheka, kwamba aibu niliyoipata siku ile nyumbani kwa mkwe wangu sijawahi kuipata tena maishani, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana ya pili yake ingeniua.

Nilikuwa mpishi Diani, kwa mzungu mmoja mzee tuliyemwita Bwana Maki (jina lake zima lilikuwa refu na lilitukwama kooni, naye mwenyewe akakubali likatwe). Nasema habari za miaka ya hamsini, ya mwanzo mwanzo, Diani ikiwa msitu na nyani, nyumba za Wazungu chache, zimeezekwa makuti kama zetu ila kubwa, na mtu akitoka ufukweni kwenda barabarani anaimba njiani ili nyoka wampishe. Bwana Maki alikuwa Mskochi, mjane, aliyekuwa msimamizi wa shamba la mkonge mpaka uzee ukamtoa. Halikuwa na makuu, zee lile. Lakini alipata homa mbaya iliyomlaza kitandani, na alipoinuka, pua yake ilikuwa imekufa. Hasikii harufu ya kitu chochote. Unampikia kuku wa nazi, unatia bizari, unatia ndimu, nyani msituni wanameza mate, yeye anatafuna kama anayetafuna gazeti, kisha anakwambia "Mzuri sana, Saidi," kwa adabu tu, nawe unajua. Kwa mpishi hakuna huzuni kuliko hiyo.

Basi wakati huo nilikuwa nimeposa Msambweni. Binti aliitwa Mwanasiti, na sitawaficha, nilikuwa nimemwona mara moja tu, harusini kwa watu, akimkemea mpishi kwamba wali umeungua, na kweli ulikuwa umeungua. Nikarudi Diani sili, silali. Mjomba wangu Hamisi, aliyekuwa akikaa hukohuko Msambweni, akanipelekea posa, na baba yake binti, Mzee Rashidi, akajibu kwa maneno machache kama desturi yake: "Wazee nimewasikia. Sasa nataka kumwona kijana mwenyewe. Aje tusali adhuhuri pamoja, kisha tule." Mzee Rashidi alikuwa dresa, kazi yake kuosha na kufunga vidonda vya watu, na mtu wa kazi ile hutazama uso wako kama anayetafuta panapouma.

Siku ilipofika nikaamka alfajiri, nikaoga, nikavaa kanzu mpya iliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, nyeupe, shingoni ina darizi, nikajipaka marashi ya mawaridi, nikajitazama kwenye kioo cha kunyolea nikasema, Saidi, leo hata mimi ningekuoza. Nilikuwa nimepewa ruhusa, sikuwa na haja ya kufika kazini hata kidogo. Lakini nikawaza, mzee wa watu atakunywa chai ya nani? Nipitie mara moja nimtilie chai, niondoke. Hivyo tu. Wema mdogo kama huo, ndio ulioniponza.

Nikamkuta barazani, mbele yake chupa na gilasi, anaitazama ile gilasi kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Chupa ilikuwa imekuja kwa meli kutoka kwao. Mtoto wa dada yake alikuwa amefungua kiwanda kipya cha wiski, na hiyo ilikuwa katika chupa za kwanza kabisa kutoka humo. Ilikuwa wiski changa bado, rangi yake hafifu kama chai iliyotiwa majani kwa uchoyo.

"Iko mtoto hii," akaniambia kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mimi onja, ulimi nasikia moto. Basi. Harufu hapana. Saidi, pua yako mzima. Nusa, ambia mimi."

"Bwana, mimi Mwislamu. Hiyo siigusi."

"Hapana kunywa. Nusa tu."

Nikataka kuondoka. Haki ya Mungu nilishageuka. Ndipo akanieleza, akinyoosha mikono kama anayepima kitu hewani, kwamba kwao kuni ni haba, kwa hiyo watu hukata udongo mweusi wa kinamasi vipande vipande kama matofali, wakaukausha, wakauchoma, na moshi wa udongo ule ndio unaokausha shayiri ya kutengenezea wiski hiyo. Na mama yake alikuwa akipikia udongo huohuo. Jikoni kwa mama yake kulinuka hivyo, nguo za mama yake zilinuka hivyo. "Mama yangu iko ndani hapa," akasema, akiigonga chupa kwa ukucha, "na mimi hapana ona yeye."

Sasa nyinyi niambieni, ningefanyaje?

Nikavuta kiti (na hilo la kukaa meza moja na Bwana peke yake lilikuwa jambo la kusimuliwa), nikaishika ile gilasi mkono umenyooka kama nimeshika nge, nikanusa. Pua ikaniwaka mpaka kisogoni. Nikapumzika, nikanusa tena polepole, kama ninavyonusa mchuzi.

"Moshi," nikasema. "Si wa kuni. Moshi wa makumbi ya nazi yaliyonyeshewa na mvua, yanafuka tu, hayataki kushika moto."

"Enhe," akasema.

"Halafu ufuko, maji yakitoka, mwani umeachwa juani. Halafu hospitali. Ile dawa ya vidonda, iodini." Alikuwa amefumba macho. Nikaendelea, maana sasa hata mimi nilikuwa nimenogewa na kazi. "Na nyuma kabisa, Bwana, kuna kitu kitamu. Kama uji ulioachwa ukachachuka kidogo. Na ndizi mbivu, ile iliyopiga madoa. Yaani jikoni mna moshi mwingi, lakini yupo mtu anapika kitu kizuri."

Kwa neno hilo mzee akainuka akanikumbatia. Mzungu, miaka ile, kumkumbatia mpishi wake! Sikujua mikono yangu niiweke wapi, na mmoja ulikuwa na gilasi. Gilasi ikamwagikia kifuani kwangu, tone likanirukia mdomoni, nikaruka nyuma nikitema, kiwiko kikagonga chupa, chupa ikalala mezani ikanimwagia nusu yake nzima kuanzia tumboni mpaka magotini. Na Bwana Maki hakuona lolote. Alikuwa amenishika begani analia kimyakimya, nami nimesimama nachuruzika kama kuku aliyetolewa kisimani.

Kurudi kwetu kubadilisha nguo, nitachelewa. Nikaingia jikoni nikajimwagia maji, nikasugua na ndimu, nikapanda baisikeli. Njia nzima nikajifariji kwamba jua na upepo wa Msambweni vitaimaliza harufu. Na kweli, kanzu ilikauka. Marashi ya mawaridi nayo yakapotea kabisa. Ule moshi wa udongo, ndugu zangu, ulikuwa umehamia na mizigo yake. Nikisimama kidogo tu unanifikia.

Nikajua msikitini siingii nayo, ni najisi. Nikajificha nyuma ya minazi mpaka nilipoona watu wametoka, ndipo nikapiga hodi kwa Mzee Rashidi. Pale sebuleni alikuwapo yeye, mjomba Hamisi, na jirani mmoja, Mzee Mwinyi, mtu wa sauti kubwa. Nyuma ya pazia nasikia bangili za wanawake.

"Salaam aleikum. Shikamooni wazee."

"Marahaba. Karibu mwanangu. Mbona tumekukosa msikitini?"

"Mnyororo wa baisikeli ulikatika, mzee."

Mjomba akachungulia nje. Baisikeli ilikuwa imeegemea ukuta, mnyororo wake mzima, unametameta. Akanitazama.

"Si neno," akasema Mzee Rashidi. "Msala huo hapo. Sali, tunakungoja tule."

Nikautazama msala. Kumdanganya mkwe ni jambo moja, lakini kusimama mbele ya Mungu na wiski kifuani, miguu ilikataa. Nikasema, "Kumradhi mzee, nguo yangu haina tohara. Nina kidonda." (Kati ya uongo wote duniani, nikauchagua huo, kumpa dresa.)

"Kidonda wapi?"

"Kifuani."

"Nani amekufunga?"

"Nimejipaka dawa tu, mzee, haina haja."

Akasogea. Akainamisha kichwa, akanusa, mara moja, mara ya pili, uso wake ukawa wa kazini. "Ina iodini hii," akasema. "Lakini ina moshi pia. Dawa gani ina moshi? Hebu fungua."

"Mzee, kimeshapona."

"Fungua, mwanangu."

Nikafungua vifungo. Kifua changu kilikuwa safi kama sahani ya sikukuu. Mzee Rashidi akapapasa kwa kidole huku na huku, kwa upole kabisa, anatafuta kidonda, na upole ule ndio ulioniumiza. Ndipo Mzee Mwinyi, aliyekuwa akinusa hewa muda wote huo, akapaza sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Rashidi, usijisumbue! Hiyo ni wiski! Mimi nilikuwa boi wa maofisa wakati wa vita, harufu hiyo naijua!"

Nyuma ya pazia sufuria ikaanguka. Mjomba Hamisi akavua kofia yake, akaitazama ndani kama anayetafuta mlango wa kutokea humo. Dirishani vichwa vya majirani vikaanza kuota.

Nilikuwa na uongo mwingine tayari, nimeshaupanga mdomoni. Lakini niliangalia vile vidole vya mzee vilivyokuwa vimesimama kifuani kwangu, nikashindwa. Nikasema yote. Nikasema habari ya ile homa, na pua iliyokufa, na udongo wa kinamasi, na jiko la mama yake, na makumbi, na uji, na ndizi, nikasema vibaya, neno la mwisho linatangulia la kwanza, kifua wazi, machozi yananitoka mtu mzima.

Nilipomaliza akaniuliza, "Uliionja?"

Nilijua "hapana" itaniokoa, na hapakuwa na shahidi.

"Tone moja lilinirukia mdomoni. Nikatema. Lakini nililisikia, mzee."

"Likoje?" akadakia Mzee Mwinyi.

"Kama kulamba jivu la moto lililomwagikiwa na asali."

Mzee Rashidi akamtazama Mzee Mwinyi mpaka akainamisha macho. Kisha akanigeukia. "Na yule mzee, ulipomwambia hayo yote, alisikia nini?"

"Hakusikia kitu. Lakini alilia."

Akakunakuna ndevu. "Vidonda nimefunga vingi," akasema mwishowe, kama anayezungumza peke yake. "Cha huyo ningekifunga wapi?" Akaingia ndani akarudi na kanzu yake mwenyewe iliyokunjwa. "Kisima kiko uani. Kaoge, ujitie tohara, usali. Wali unapoa."

Sasa, Mzee Rashidi alikuwa mfupi na mpana, mimi mrefu mwembamba. Kanzu ile iliniishia chini kidogo ya magoti, na ubavuni ingemtosha mtu mwingine tuingie naye humo. Ndivyo nilivyopita uani mbele ya wanawake wote wa nyumba ile, ndivyo nilivyosali, ndivyo nilivyokula wali wa nazi na samaki wa kupaka huku Mzee Mwinyi akicheka puani kila nikinyoosha mkono, na ndivyo nilivyoondoka kwa baisikeli, miundi nje, Msambweni nzima imesimama milangoni kumtazama mposaji aliyevishwa na mkwe. Mpaka leo wapo wazee kule wanaoniita Bwana Iodini.

Kanzu yangu ilibaki kwao. Sikujua ni mahari iliyotangulia au ni kwaheri. Ikapita wiki, mjomba akaja Diani na furushi, anatabasamu tu. Nikafungua. Kanzu imefuliwa, imepigwa pasi, imefukizwa udi, na katikati ya mikunjo mmetiwa asmini. Bwana Maki alikuwa amesimama mlangoni, nikamweleza maana yake, kwamba nimekubaliwa. Akaiomba ile kanzu, akaishika kwa mikono miwili, akainusa kwa muda mrefu, ingawa alijua na mimi nilijua. "Ambia mimi," akasema. Nikamwambia.

Tangu siku ile nimeapa: siku ya kwenda ukweni sipiti kazini, hata iwe kumtilia nani chai, na sitaugua tena mbele ya dresa.

Mwanasiti nilimuuliza baadaye, tumeshazoeana, kwa nini hakunikataa, maana haki alikuwa nayo. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akasema, "Niliambiwa wewe unafanya kazi kwa Wazungu, una maneno matamu sana. Nikakuogopa. Nilikuwa nimeshamwambia mama kwamba ukiondoka tu, nitasema sitaki." Akapepeta, akapuliza makapi. "Halafu nikakusikia pale sebuleni, maneno yamekwisha kabisa, unasema habari ya lile tone na hakuna aliyekuona. Nikaenda kutafuta sabuni."