Makayabu Ndani ya Jiko

Nikiwa na mimba ya miezi minane, hata harufu ya sabuni ilinitapisha. Kwa hiyo niliposema sebule yetu pale Saint-Josse, mjini Brussels, inanuka mzoga, mume wangu alicheka, akasema ni mimba tu.

Sebuleni ndiko lilikokaa jiko la kupashia nyumba nzima joto, lile linalokula punje za mbao. Hatukuwa na kingine cha kutupa joto. Mwezi wa nne nilikuwa nimelitayarisha kwa mapumziko yake kama fundi alivyonielekeza. Nilimaliza punje zote tangini, maana zikivuta unyevu huvimba na kuwa uji. Nikafyonza majivu hadi pembeni, kwani majivu yakiloa hula chuma, kisha nikapangusa ndani kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kiangazi cha Brussels ni mvua tupu, na kutu haingoji kualikwa. Nililiacha liking'aa, nikajisifu.

Mwezi wa kumi baridi ilipoanza, nilipiga magoti kwa shida na tumbo langu, nikafungua mlango wa jiko. Mungu wangu! Ndani mlikuwa na makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, wamefungwa kwenye gazeti. Chumvi ilikuwa imevuta unyevu wa kiangazi chote, ikayeyuka, ikatiririka kila upande. Gazeti lilikuwa ute mtupu. Bakuli la chuma la kuchomea punje lilimeguka mkononi mwangu kama biskuti iliyolowa, na maji mekundu ya kutu yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilitapika palepale.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Lubumbashi tangu mwezi wa tano kumsubiri mjukuu, alitoka jikoni mbio. Hakuwa na haya hata chembe.

"Bon, ni miye niliweka. Kwetu samaki inakalaka juu ya moto, haiozaka. Alors, fasi ya moto ya hii nyumba njo hii, non?"

"Mahali pa moto gani, mama? Tangu mwezi wa nne hatujawasha!"

"Mi niliona kuko safi sana."

Usafi wangu mwenyewe! Nilitamani kupiga yowe. Yeye aliwakusanya samaki wake, akawaosha, akawapika kwa nyanya na vitunguu. Mume wangu alikula akiwa amevaa koti, akalamba vidole, akaomba aongezewe. Niligeuza uso ukutani.

Fundi alikuja, akachungulia, akaziba pua. Parafujo inayosukuma punje ilikuwa imeganda kwa kutu, na mbavu za chuma za ndani ya jiko zilikuwa zimeliwa. Jipya, alisema, lingefika baada ya Krismasi. Mtoto hakuwa na mpango wa kungoja Krismasi.

Tulimleta nyumbani mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Hita ndogo tuliyoazima ilikata umeme kila tulipoiwasha. Vidole vya mwanangu vilikuwa baridi, naye alilia kwa sauti nyembamba, nami nilikuwa na baridi kuliko yeye. Tangu siku ile ya samaki sikuwa nimeonja chungu cha mama mkwe, wala kukubali anishike hata mkono.

"Leta mutoto," alisema. "Mi niko na joto."

Alifungua kanga yake, akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunika kwa kitenge na koti lake zito. Mtoto alinyamaza. Nilisimama pale nikimwonea mama mkwe kinyaa vilevile, na nikamwachia mwanangu hivyo kila siku, hadi jiko jipya lilipofika.