Niliitwa Masukulu kukagua kiwanja cha gofu cha mlimani, shimo la tano likanishinda

Wakuu, shikamooni wale mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Hii imenikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale nilipojisikia kuongeza nimejizuia. Asiyeamini apande gari mpaka Tukuyu, aulize anayeuza majembe na kukagua viwanja vya gofu. Tuko mmoja tu.

Kwanza mnijue. Kabla ya kufungua duka nilibeba mifuko ya wachezaji kwenye klabu moja ya gofu mkoa wa jirani, baadaye nikawa natunza nyasi pale pale. Miaka mingi. Tatizo langu ni kwamba mimi ni mtu wa kutoa maksi. Natoa maksi kwa pilau la harusi, kwa mahubiri, kwa vyoo vya stendi. Mke wangu ameshazoea, ingawa yeye mwenyewe nampa maksi kimoyomoyo tu.

Sasa akaja dukani jamaa anaitwa Asajile, mkulima wa parachichi.

Akasema baba yake, Mzee Ambilikile, ana kilima kule Masukulu. Juu ya kilima hicho shemeji yake Asajile, anaitwa Neema, mjane wa marehemu kaka yake, ametengeneza "kitu anachokiita kiwanja cha gofu." Asajile alitaka kilima kipandwe parachichi. Miche ilikuwa tayari.

Mzee alikuwa amempa sharti moja. Atafutwe mtu anayejua gofu aje akague. Akisema ni kiwanja, kibaki na Neema aendelee nacho. Akisema si kiwanja, Asajile apande miche yake.

"Wewe njoo useme ukweli tu," Asajile akaniambia. "Ng'ombe mwenyewe anateleza pale."

Nikavaa gambuti, nikabeba mwavuli, nikaenda.

Wakuu, ambao hamjafika Rungwe niwaeleze kidogo. Huku ardhi tambarare ni ile ya mezani. Kuna mlima, korongo, mgomba na mvua. Kujenga gofu hapa ni kama kutandika kitanda juu ya paa. Inawezekana, ila lazima uwe na sababu.

Kiwanja cha namna hii mimi nakikagua kwa mambo machache. Naangalia mpira ukitua unabaki au unaserereka mpaka kwa jirani. Naangalia maji ya mvua yanaenda wapi. Kisha naangalia safari ya kutoka shimo moja kwenda jingine, maana hapo ndipo wengi wanafeli. Mchezaji akipanda kama mbuzi, akifika hana mkono wa kupigia.

Nilimkuta Mzee Ambilikile amesimama na fimbo zake tatu za gofu, kuukuu. Zamani alikuwa mpishi wa mameneja wa shamba la chai, walipoondoka wakamwachia. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniambia "Ndaga fijo kwa kuja," yaani asante sana, tukaanza.

Nikamuuliza mbunifu mwenyewe yuko wapi, anieleze mpango wake.

Asajile akaangalia pembeni.

Hapa inabidi nisimame kidogo kwa ajili ya wageni. Kwa Wanyakyusa wa zamani kuna kitu kinaitwa kutila. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaacha njia, anajificha au anajifunika. Hamwongeleshi, hamtazami. Ni heshima, si ugomvi. Vijana wengi siku hizi wameacha, lakini Mzee Ambilikile hajaacha, na Neema anamheshimu.

Kwa hiyo mbunifu hakuweza kuwepo kwenye ukaguzi wa kazi yake mwenyewe, kwa sababu mwenye ardhi alikuwepo.

Utaratibu ukawa huu. Mimi nauliza swali. Bibi Tusekile, mke wa Mzee, anateremka mpaka kwenye migomba alikojificha Neema. Anauliza. Anapanda na jibu. Bibi ana mwili na ana magoti mabovu. Baada ya swali la pili nikaanza kuchagua maswali.

Shimo la kwanza, safi. Mpira unapigwa kuelekea mlimani, ukiserereka unarudi kwako. Maksi nzuri. La pili lina ng'ombe. Kanuni yao ni kwamba ukimpiga ng'ombe unarudia, na unamwomba radhi mwenyewe. Sikuona kosa. La tatu unapiga kuvuka korongo, na maji yote ya mvua yamechimbiwa mifereji kama ya shamba la chai. Nilikanyaga nikitafuta tope, nikalikosa, nikasikitika kidogo.

Asajile alizidi kununa. Mimi nilizidi kuandika maksi kichwani.

Tukafika la nne. Bendera yake ni kipande cha kanga. Nikauliza la tano liko wapi. Mzee akanyoosha fimbo: unazunguka nyuma ya kilima, unapita migombani, unashuka mtoni, unapanda tena.

Nikasema, lakini Mzee, la tano si liko hapo nyuma ya kigongo tu? Ukipita juu, umefika.

"Njia haipiti juu," akasema.

Kwa nini? Bibi akashuka. Bibi akapanda. "Amesema ndivyo kilima kilivyotaka," akaniambia, akakaa chini bila kuulizwa.

Wakuu, hilo si jibu la ubunifu. Hapo nilikuwa nimeshakata maksi nyingi, na Asajile alianza kutabasamu. Nikawaacha pale, nikapanda kigongo peke yangu.

Juu kabisa nikageuka. Nyuma yangu Mzee anaonekana mwili mzima, kofia mpaka viatu. Mbele yangu, upande wa pili, mwanamke ameshika fyekeo. Neema alikuwa ameshapita kwa chini, amerudi kazini.

Aliposikia hatua akachuchumaa palepale, akajifunika kanga mpaka miguuni. Alidhani ni mkwe wake.

"Ni mimi, mkaguzi," nikasema.

Kanga ikafunuka kidogo. "Baba yuko wapi?"

"Shimo la nne."

"Basi shuka huku haraka, asije akakufuata." Nikashuka. Akaniuliza, "Umenipa ngapi?"

"Ulikuwa unaenda vizuri. La tano limekuponza. Njia ndefu bila sababu."

Akafuta fyekeo kwa majani.

"Mume wangu alipofariki, baba hakutoka ndani," akasema. "Watu walikuja kumpa pole. Mimi niko nyumba ya pili, siwezi kuingia. Siwezi kumpelekea chai, siwezi kumwambia pole baba. Hiki kilima Lusajo wangu alikuwa anasema siku moja atamtengenezea baba yake acheze gofu. Nikaona, pole siwezi kumpa, ila naweza kumpa pa kutembea. Sasa anatoka kila asubuhi. Mimi nafyeka huku, yeye anacheza kule. Hapo juu tu ndipo tungeonana. Ndiyo maana njia haipiti."

Nilikuwa na la kusema kuhusu mifereji. Nikalisahau.

Nilirudi kwa njia ndefu. Kwa mara ya kwanza haikunichosha.

Tukakusanyika pembeni ya migomba. Nilijua Neema yuko nyuma ya migomba hiyo maana fyekeo lilikuwa linasikika. Nikatoa uamuzi: "Hiki ni kiwanja. Na ni kiwanja kizuri."

Ila mimi ni mkaguzi. Nikaongeza, "Kasoro ni moja, njia ya kwenda la tano ni ndefu."

Asajile akadaka hapo hapo. "Baba umesikia? Kina kasoro. Kiwanja chenye kasoro ni kiwanja?"

Mzee akainua fimbo, Asajile akanyamaza. Kisha Mzee akaipa mgongo ile migomba, akatazama upande wa mlima Rungwe, akaniambia mimi kwa sauti ya kusikika kata nzima:

"Mwambie mwenye kiwanja, miguu yangu imechoka kuzunguka. Njia ipite juu."

Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Mzee, nimefika pale juu. Mtaonana."

"Nimezaliwa kwenye kilima hiki," akasema. "Najua."

Fyekeo likanyamaza.

Bibi Tusekile akaanza kuinuka ili apeleke ujumbe kama kawaida. Mzee akamshika mkono. "Kaa. Amesikia."

Asajile alirudisha miche kwake Kyimo. Neno lilikuwa limeshatoka, "mwenye kiwanja," na huku mzee akitamka hivyo mbele ya mgeni, hakuna anayelirudisha.

Juzi nilipita tena. Njia imekatwa juu ya kigongo. Mzee alikuwa anapiga mpira, Neema anafyeka, kanga iko begani. Mzee akapiga vibaya, mpila wake, kama anavyouita, ukaenda migombani. Neema akamwonyesha kwa kidole ulikoangukia. Hakuna aliyesema neno.

Kigofu, hiyo njia mpya imeharibu kiwanja. La tano sasa ni rahisi mno na mipira ya la nne inavuka. Nimekata maksi. Sijawahi kukata maksi huku moyo mweupe hivi.

Nilichojifunza: ukiona njia imezunguka, uliza kwanza ilikuwa inamkwepa nani, na kwa nini.

Wakwe na wachezaji mliomo humu, karibuni mnisahihishe. Na mwenye mipira ya ziada aniambie, Mzee anaipoteza sana sasa. Haangalii tena inakokwenda, anasubiri aonyeshwe.